Nyaya Zilizopakwa Mafuta

Funza wa kwanza alimwangukia mzee kifuani, juu ya blanketi. Wa pili alimwangukia shingoni. Mzee huyo hana sauti, kiharusi kilishamnyang'anya, na upande wake wa kulia umelala kama wa mtu mwingine. Kilichobaki kinachomtii ni vidole vya mkono wa kushoto, na mkononi humo huwekewa kitufe cha kengele ya kumwita muuguzi. Akabonyeza. Akabonyeza hadi kukakucha, na hakuna aliyekuja. Asubuhi walimkuta na funza masikioni.

Naanza na hilo makusudi, ili kama una sahani mbele yako uiweke kando mapema. Mimi mambo haya yaliniondolea hamu ya kula kwa muda mrefu, na sioni kwa nini wewe usalimike.

Kazi yangu ni kuvuta na kutengeneza nyaya za mawasiliano kwenye majengo. Simu, intaneti, kamera, kengele za wagonjwa, vyote hivyo ambavyo watu wanadhani vinaelea tu hewani, vinapita juu ya vichwa vyao, ndani ya waya ambao mtu kama mimi aliuvuta akiwa amelala kifudifudi kwenye vumbi. Wengine wanalijua jengo kwa vioo vyake na vigae vyake. Mimi nalijua kwa matumbo yake. Nimepanda darini kwenye ofisi ambazo chini watu wamefunga tai na juu zimepangwa chupa za mkojo, kumbukumbu ya mafundi walioona uvivu kushuka. Nimekuta mifupa ya kuku, nepi, meno ya bandia, na mara moja suruali nzima ambayo mwenyewe, naamini, alirudi nyumbani akatoa maelezo. Binadamu akishajua kwamba mahali fulani hapaonekani, hapo ndipo anapokuwa yeye mwenyewe.

Kazi hii alinifundisha kaka yangu, mama mmoja baba mmoja. Mjini wanamwita Fasta, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi. Fundi mwingine akiomba wiki, Kaka anaomba siku. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, anakujibu kwamba msemo huo ulitungwa na watu wanaotembea kwa miguu. Ni mcheshi, ana mkono mwepesi, na wateja wanampenda. Hata mimi nilikuwa nampenda, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu ndiyo sehemu inayouma. Mimi ananiita Pua, maana tangu utotoni nilikuwa nanusa maziwa kabla ya kuyanywa na nguo kabla ya kuzivaa, na mama akinichapa kwa kuwaaibisha wageni.

Sasa, mahali penyewe ni nyumba ya kutunzia wazee. Jengo lina ghorofa, limepakwa rangi ya krimu, na maua yamepandwa mbele ili ndugu wanaokuja kumwacha mzazi wao wapate kitu cha kusifia. Kila kitanda kina kitufe. Kutoka kwenye kitufe waya unapanda ukutani, unaingia kwenye paipu ya plastiki darini, unapita kona baada ya kona mpaka kwenye kabati la mitambo lililoko koridoni, na kutoka hapo unafika kwenye meza ya wauguzi, ambapo taa inawaka na kengele inalia. Kaka ndiye aliyeziweka nyaya hizo zote, kabla mimi sijaanza kufanya kazi naye.

Meneja wa nyumba hiyo alipiga simu asubuhi. Alisema dari ya chumba cha mwisho inatoa wadudu, na tukiwa huko tuiangalie na kengele. Kaka akanitanguliza. "Nenda, Pua, mimi nipo nyuma yako," alisema, na akiwa nyuma yako hujui ni nyuma kiasi gani.

Nilipofika, mzee walikuwa wameshamwosha na kumtoa nje kwenye kiti cha magurudumu, apate jua. Aliyenipokea ni mpishi, mama mnene mwenye maneno mengi, na ndiye aliyenisimulia habari za funza huku akikatakata vitunguu bila hata kukunja uso. Meneja alikuwa ameweka sumu ya panya darini juma lililopita, alisema. Panya walikula. Kisha wakafia kulekule, na joto likafanya kazi yake. Akaendelea kusema jambo jingine kuhusu muuguzi aliyekuwa zamu usiku huo, lakini nilikuwa nimeshabeba ngazi naondoka. Laiti ningemsikiliza.

Nikaondoa kifuniko cha dari, nikaingiza kichwa, nikakitoa upesi. Nikajifunga kitambaa puani, nikafunga na cha pili, nikaingia tena.

Kuna uvundo unaoingia puani, na kuna ule unaokwenda moja kwa moja ulimini ukakaa. Huu ulikuwa wa pili. Nilimulika tochi. Mavi ya panya yalikuwa yametandazwa kama mchele ulioanikwa. Kwenye pembe walikuwa wamejenga kiota kwa nepi za wazee, zile za watu wazima, wamezichanachana na kuzishindilia vizuri, na ndani ya kiota kulikuwa na vitoto vilivyokufa, vingine vimeshaanza kuchemka funza. Panya mkubwa alilala juu ya paipu, tumbo wazi. Chini yake, kwenye ufa wa ubao, funza walikuwa wakipenya mmoja mmoja kwa subira, wakienda zao chini kitandani kwa mzee wa watu.

Nilitapika kidogo ndani ya kitambaa. Nakwambia ukweli kwa sababu mafundi wengine watakwambia wamezoea. Hakuna anayezoea. Kuna wanaoacha kunusa, na hao ndio wa kuogopwa.

Nilichota uchafu wa karibu nikautia kwenye mfuko, nikausogelea waya. Ulikuwa umegugunwa hadi shaba inaonekana, na mahali pamoja ulikuwa umekatika kabisa. Panya hutafuna nyaya, hilo si geni. Meno yao yanakua kila siku, lazima wayanoe kwenye kitu. Lakini huwa wanaonja hapa, wanaonja pale, wanaendelea na maisha yao. Hawa walikuwa wamekula. Walikuwa wamefuata waya ule hatua kwa hatua, wakauchubua ganda kama mtu anavyochubua muwa, na wameingia hadi mdomoni mwa paipu, wakapanua plastiki kwa meno ili wafuate ndani.

Niliushika, ukateleza. Nikavua glavu, nikasugua vidole. Kulikuwa na utando mzito, wa njano iliyokaribia kahawia. Nikanusa. Chini ya uvundo wa mizoga kulikuwa na harufu nyingine, tena ya nyumbani kabisa: kikaango kilichosahauliwa bila kuoshwa.

Mafuta ya kupikia. Yale magumu ya kopo. Yamepakwa kwenye waya wote na yamechacha.

Ngoja nieleze, maana mtu asiye fundi anaweza kudhani yalimwagika kwa bahati mbaya. Paipu ikiwa nyembamba na kona zikiwa nyingi, nyaya hukwama. Unavuta upande huu, mwenzako anasukuma upande ule, hazisogei. Kuna jeli maalumu ya kupaka ili ziteleze, na jeli hiyo hukauka ikaisha. Ukiikosa, hata maji ya sabuni yanakufaa, nayo hukauka. Mafuta ya kupikia hayakauki. Yanateleza vizuri kuliko vyote, kisha yanabaki humo, na kila panya wa mtaa anaitwa karamuni. Mtu wa kawaida asingeweza kufanya kosa hilo, maana hajui kwamba nyaya hukwama. Ni kosa linalomtaka fundi.

Hapo nami nikafanya langu. Fundi akiona waya umekatika, mkono wake hauulizi maswali. Nilikata kipande kilicholiwa, nikapitisha waya mpya juu ya dari nje ya paipu, nikaufunga kwenye mbao, nikauingiza kabatini, nikaunganisha ncha zote mbili, nikaweka kipimo. Taa za kipimo zikafuatana bila kuruka hata moja. Nikashuka na kipande kibovu mkononi, nikamkuta Kaka ndio anaingia, amependeza, ananukia sabuni.

"Kaka, hizi nyaya si ulivuta wewe?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Na mafuta ya kupikia?"

Nilitegemea akane. Alicheka hadi akajipiga paja. "Umeyagundua! Pua, wewe ungeajiriwa na polisi. Sikiliza basi. Hizi paipu zina kona kama zimepangwa na mlevi. Jeli imeisha, dukani hawana, mwenye jengo ananiuliza kila saa. Nikaenda jikoni, nikamwona mpishi anakaanga, nikasema moyoni, Fasta, dawa hiyo hapo. Nyaya zilipita zenyewe! Nilikuwa navuta kwa mkono mmoja, huku nimeshika soda."

"Panya wamezila."

"Panya wanakula kila kitu."

"Kaka, ni nyaya zote. Vyumba vyote vinapita kwenye paipu zilezile. Vingine vinaweza kuwa vimeshakatika na hatujui. Inabidi tung'oe zote tuanze upya."

Akapunguza sauti. "Hiki cha mwisho umeshakitengeneza?"

"Kinafanya kazi."

"Basi, mdogo wangu. Kazi imekwisha. Kingine kikiharibika watatuita, ndiyo maana ya matengenezo. Lete hicho kiuchafu nikakitupe, unashika mizoga mikono mitupu kama huna mama."

Akaninyang'anya kipande kile kwa ncha za vidole, akatoka nacho nyuma, kwenye tanuri wanakochomea nepi na bandeji. Nilimwona akikitupia motoni na kufuta vidole kwenye nyasi. Kusema kweli nilimshukuru kwa kuniondolea ule uchafu. Nilikwenda kunawa, nikanawa tena.

Nikiwa kwenye beseni, Meneja akatuita chumba cha mwisho.

Mzee alikuwa amesharudishwa kitandani. Meneja, kijana wa suti ya bluu, alisimama mlangoni na leso puani, leso yenyewe imenyunyiziwa manukato mpaka uvundo ukawa kama umepambwa kwa harusi. Kwenye miguu ya kitanda alisimama mwanamke mfupi wa makamo, sare imepigwa pasi, miguuni soksi nene za sufu bila viatu. Baadaye nilijua wenzake wanamwita Dada Soksi, kwa kuwa usiku hutembea na soksi tu ili wazee wasiamshwe na viatu vyake.

"Fundi," Meneja alimwambia Kaka, "huyu ndiye alikuwa zamu. Anasema alikaa mezani macho usiku kucha na kengele haikulia. Mtoto wa huyu mzee anakuja kesho, na amesema anataka kumwona aliyemwacha baba yake aliwe na wadudu. Lazima niwe na jibu. Kengele mliweka nyinyi. Inalia au hailii?"

Na bila kusubiri jibu, akachomoa kitufe kutoka mkononi mwa mzee, akabonyeza.

Kengele ikalia. Ililia huko mwisho wa koridoni, safi, imara, bila mkwaruzo, kama inavyotakiwa kulia. Ni waya wangu uliokuwa ukilia. Sijawahi kuichukia kazi ya mikono yangu namna ile.

"Inalia," alisema Meneja.

"Siku zote," alisema Kaka. "Kazi yangu mimi hailali. Labda watu ndio wanalala."

Akatabasamu kidogo, kichekesho cha kulainisha hewa. Dada Soksi alikuwa anamtazama. "Haki ya Mungu haikulia," alisema. "Nilipita kumgeuza saa za kwanza za zamu, nikamkuta salama, nikarudi mezani. Sikufumba jicho. Ningeisikia, ningeacha kuja mimi?"

"Dada, kengele umeisikia mwenyewe sasa hivi. Naomba kitambulisho."

Mkono wake ukaenda kifuani kwenye kile kitambulisho cha plastiki, akaanza kukifungua pini. Unga wake ulikuwa unamwagika mbele ya macho yangu, na aliyeumwaga ni mimi na bisibisi yangu. Nilimtazama Kaka. Alikuwa anatazama saa yake.

Ndipo kinyaa kikanipanda. Kile cha darini kilikuwa cha tumboni. Hiki kilikuwa cha mifupani. Panya ni panya, anakula anachopakiwa. Lakini huyu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, aliyenifundisha kushika koleo, anasimama amevaa shati safi na kumwacha mama wa watu afukuzwe kwa ajili ya kopo la mafuta.

"Haikuwa inalia," nikasema. "Waya ulikatwa na panya. Nimeutengeneza asubuhi hii, hata saa haijapita."

Meneja akageuka. "Waya uliokatika uko wapi?"

"Kaka yangu ameuchoma kwenye tanuri lenu."

Kaka akacheka. "Bosi, huyu ni mdogo wangu, bado anajifunza. Amekaza skrubu mbili anaona ameokoa jengo. Mimi nilichoma takataka."

"Basi panda uone," nilimwambia Meneja. "Nyaya zote za jengo hili zimepakwa mafuta ya kupikia. Panya wanazila kama mboga. Ngazi ile pale."

Meneja aliiangalia ngazi, akaliangalia lile tundu jeusi darini, akabana leso zaidi. "Mimi? Nipande humo?" Alisema kana kwamba nimemwomba anywe sumu. "Hiyo si kazi yangu. Mwenye kampuni amesema ilikuwa inalia, na mimi nimeisikia. Dada, kitambulisho."

"Kama hupandi, nitaibandua dari ikufuate chini," nikasema, nikaisogeza ngazi.

Kaka akaishika. Sasa hakuwa anacheka tena. Tukasimama pale kando ya kitanda, kila mmoja amekamata upande wake, tunanong'onezana kama watoto wanaogombana mama amelala chumba cha pili.

"Achia ngazi, Pua."

"Achia wewe."

"Unaniua. Unajua ni majengo mangapi nimeyavuta namna hii? Wakisikia hapa, watafungua dari zote. Mama ataniweka wapi? Atakuweka wapi wewe? Damu ni damu, huyu mwanamke ni nani kwako?"

"Majengo mengine pia?"

"Achia, nimesema!"

Nikapaza sauti, na hata leo sijui kama nilipanga au ilinitoka. "Kaka, Mama magoti yameshamwisha. Siku akishindwa kusimama, utamleta hapa? Utamlaza kwenye hiki kitanda, chini ya dari hii, na hiki kitufe mkononi?"

"Mama?" Alishtuka kama nimemtukana. "Wewe una kichaa? Mama yangu mimi simlazi hapa hata unikate—"

Mdomo uliponza kichwa, lakini huu ulikuwa umeshakwenda mbali hauwezi kurudishwa. Nilisikia maji yakidondoka kwenye bafu la jirani.

Aliyeuliza ni Dada Soksi, taratibu, kwa adabu, kitambulisho kikiwa nusu kimefunguka kifuani. "Kwa nini usimlaze hapa, fundi?"

Macho ya Kaka yakafanya yenyewe kitu ambacho ulimi ulikataa: yakainuka darini. Meneja akayafuata. Sote tukatazama juu, kwenye zile mbao nyeupe zilizopakwa rangi vizuri.

Meneja akaondoa leso puani kwa mara ya kwanza. "Bandua," aliniambia.

Dada Soksi alikuwa ameshafungua breki za kitanda na kukisukuma mpaka dirishani kabla mimi sijapanda ngazi. Niliingiza bisibisi kwenye kiungo cha ubao, nikakipinda. Ubao ukaachia upande mmoja, ukaning'inia, ukatapika. Mavi, nepi, kiota na watoto wake, yule mkubwa mwenye tumbo wazi, na katikati ya yote paipu iliyopasuka ikimwaga rundo la nyaya zinazong'aa kwa mafuta, zimeng'atwa mahali pengi, vumbi na manyoya ya panya yameganda juu yake kama zimeota nywele. Nyaya mbili, tatu, zilikuwa zimekatika kabisa. Moja ilikuwa na alama niliyoitambua, ya chumba cha jirani, ambako wakati huohuo kulikuwa na bibi amelala na kitufe mkononi akiamini kina kazi.

Meneja alikimbilia koridoni. Tulimsikia huko akiitapika chai yake ya asubuhi. Kaka alisimama katikati ya uchafu wake, funza wawili juu ya kiatu kilichosuguliwa, akanitazama. Nilidhani atanipiga. Alisema tu, "Sasa umefurahi," akatoka, akapita pembeni mwa Meneja bila kumsemesha, na baadaye nikasikia gari lake likiondoka fasta, kama ilivyo desturi yake. Kwa Mama alifika kabla yangu, na alichomweleza sitakirudia hapa. Mpaka leo tukikutana kwa Mama, mmoja wetu anakula kwanza, mwingine baadaye.

Meneja akarudi akijifuta mdomo kwa ile leso ya manukato. Hakuomba radhi, watu wa namna yake huona radhi inaharibu suti. Alimwambia Dada Soksi arudishe kitambulisho mahali pake. Akaniambia mimi ning'oe nyaya zote, chumba kwa chumba. Kisha akasema kwamba mpaka kengele zitakapowekwa upya, wauguzi wa zamu hawataruhusiwa kukaa mezani. Watakuwa wanazunguka vitandani usiku kucha, walewale, bila kuongezewa mtu. Alipomaliza, akaondoka haraka.

Nikabaki na Dada Soksi. Alikuwa anabandika pini yake. Ningekuwa mwongo nikikataa kwamba nilikuwa nasubiri asante. Nilikuwa nimemuuza kaka yangu wa kuzaliwa kwa ajili yake, nimesimama hapo na taka za panya kwenye nywele, na nilijiona, kwa kweli, mtu safi peke yangu katika jengo lile.

"Pole, dada," nikamwambia, ili nimfungulie njia.

"Nishapoa." Alichukua kitambaa, akakilowesha, akaanza kufuta reli ya kitanda. Kisha, bila kuinua kichwa: "Umemwamkia?"

"Nani?"

"Mzee."

Ndipo nikamtazama. Tangu niingie chumbani mle nilikuwa nimetazama dari, ngazi, leso, saa ya Kaka. Meneja alichomoa kitufe mkononi mwake kama anachomoa kalamu mfukoni mwa koti lililotundikwa. Kaka alikuwa ameegemea kitanda chake. Na mimi, nilipotaka kumchoma kaka yangu, nilipayuka juu ya uso wake habari za kitanda hiki na mama yetu, kwa sauti, kana kwamba pale chini amelala godoro tu. Watu wazima na akili zetu tumeingia chumbani kwa mtu aliyetuzidi sote umri, tukagombana juu ya kichwa chake, na hakuna aliyempa hata shikamoo.

Macho yake yalikuwa wazi. Machozi yalikuwa yameteremka kwa pembeni, yameingia masikioni, palepale walipoingia wale funza, na hakuwa na mkono wa kuyafikia. Kiharusi kilimchukua sauti, hakikumchukua masikio. Alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amesikia kwamba hapa alipowekwa na mtoto wake ni mahali ambapo mtu hawezi kumlaza mama yake.

Nikaweka bisibisi chini. Nikajifuta mikono kwenye suruali, nikaona suruali yenyewe ni chafu zaidi, nikakwenda kunawa, nikarudi. Nikasogea karibu na kuinama, mikono mbele.

"Shikamoo, mzee."

Dada Soksi aliacha kufuta. "Huitikia kwa kidole gumba," alininong'oneza. "Sisi wote hutuitikia. Hata siku aliyoumwa sana, aliitikia."

Kidole kilikuwa pale, juu ya shuka, kimevimba na ncha yake imekuwa nyeusi kwa kubonyeza usiku kucha. Kilikuwa na uwezo. Mzee alinitazama, tena alinitazama vizuri, kutoka nywele mpaka viatu. Kisha akayaondoa macho yake kwangu taratibu, akayapeleka dirishani. Nilisubiri. Kidole hakikuinuka.